Binti wa Melbourne na filamu ya ziwa letu

Maji ya Ziwa Tanganyika yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko hapa Kalemie. Mto Lukuga huyapokea, ukayapeleka magharibi hadi kuyakabidhi kwa Lualaba, na Lualaba hushuka nayo Kongolo, Kindu, mpaka Ubundu. Mwaka 1951, Ubundu ikiitwa bado Ponthierville, mwanamke wa Kimarekani mwenye umri wa miaka 44 alifika huko kwa gari la moshi kutoka Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Aliitwa Katharine Hepburn. Alikuja kuigiza kisa ambacho chimbuko lake ni ufuko wetu. Miaka 53 baadaye, mwigizaji wa Australia, Cate Blanchett, alimwigiza Hepburn mwenyewe na kutunukiwa Oscar.

Huyo Blanchett ndiye ninayetaka kumweleza leo: alizaliwa wapi, alifunzwa nini, alipandaje. Lakini msomaji wa Kalemie ana haki ya kumfikia kwa njia inayopita nyumbani kwake.

Mwaka 1915 Wajerumani walilitawala ziwa lote kwa meli zao zilizokuwa Kigoma. Waingereza wakaamua kuleta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, chini ya kamanda Geoffrey Spicer-Simson. Zilivuka bahari hadi Cape Town, zikapanda treni mpaka Fungurume katika Katanga, na hapo reli ikaisha. Kilichofuata ni kazi ya mikono. Injini za mvuke, maksai na mamia ya wafanyakazi wa Kikongo walizikokota boti hizo msituni na kuzipandisha milima ya Mitumba, huku madaraja zaidi ya 100 yakijengwa njiani. Zikaelea Lualaba mpaka Kabalo, zikapanda treni tena, na mwishoni mwa Oktoba 1915 zikafika Lukuga, yaani hapa. Tarehe 26 Desemba ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 Waingereza wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Meli kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma mwezi Julai walipokuwa wakikimbia. Baadaye iliopolewa, ikapewa jina la Liemba, na wazee wengi wa pande zote mbili za ziwa wamewahi kuipanda.

Kisa hicho ndicho kilichompa mwandishi Mwingereza C. S. Forester mbegu ya riwaya yake The African Queen ya mwaka 1935. Katika riwaya hakuna msafara wala wapagazi. Yuko mmisionari mwanamke, Rose, na fundi mlevi, Charlie, katika kiboti kibovu, wakiteremka mto ili kuizamisha meli ya Wajerumani ziwani. Wale waliozivuta Mimi na Toutou kwa kamba wakiwa peku wamefutwa kabisa, na kila nikikumbuka jambo hilo naumia. Watu wa Katanga na Tanganyika walifanya kazi ngumu kuliko zote katika kisa hiki, na mpaka leo hakuna mwigizaji aliyepewa nafasi yao katika filamu ya kiwango hicho.

Mwongozaji John Huston alipoamua kuitengeneza filamu, hakuja ziwani. Alichagua mto Ruiki, unaomwagika Lualaba karibu na Ponthierville, na baadaye akaenda Butiaba na maporomoko ya Murchison, Uganda. Hata hivyo reli iliyompeleka Hepburn Ponthierville ilikuwa ya kampuni ileile, CFL, iliyoleta reli Kalemie mwaka 1915, na mto uliopita hapo ulikuwa umebeba maji ya Lukuga.

Kambi yao ilijengwa kwa miti na majani. Siafu waliivamia. Kiboti chenyewe kilizama, ikabidi kiopolewe. Huston na Humphrey Bogart, aliyeigiza Charlie, walikunywa wiski wakabaki wazima. Hepburn alishikilia kunywa maji, akaugua tumbo vibaya sana. Katika tukio la kanisani, Rose anapopiga kinanda na kuimba, ndoo iliwekwa karibu naye nje ya jicho la kamera ili aweze kutapika kati ya mkupuo mmoja na mwingine. Itazame tena filamu ukilijua hilo. Uso ule mkavu, uliopauka, wenye heshima ya kulazimishwa, ulikuwa uso wa mgonjwa anayefanya kazi. Huston alimpa ushauri mmoja tu mkubwa: amwigize Rose kama Eleanor Roosevelt, aliyekuwa mke wa rais wa Marekani, anavyotabasamu akitembelea majeruhi hospitalini. Hepburn aliushika na kuujenga mhusika mzima juu yake. Mwigizaji asiyejua kazi angepewa ushauri huo akabaki na tabasamu tu.

Aliijua kazi kwa sababu alitoka jukwaani. Alizaliwa Hartford, Connecticut, mwaka 1907, baba daktari, mama mpigania haki ya wanawake kupiga kura. Alianza kuigiza katika tamthilia mara tu alipomaliza chuo mwaka 1928, akapata Oscar ya kwanza kwa filamu ya 1933, kisha filamu zake zikaanguka hata wenye majumba ya sinema wakamtangaza kuwa hasara. Alirudi jukwaani na The Philadelphia Story mwaka 1939, na tamthilia hiyo ndiyo iliyomrudisha Hollywood. Hata kabla ya kuja Kongo alikuwa ametoka kumwigiza Rosalind wa Shakespeare huko New York. Na mwaka 1955, miaka minne baada ya Ruiki, alifunga safari ya miezi kadhaa Australia pamoja na kundi la Old Vic la London, akicheza Shakespeare mji kwa mji. Melbourne ilikuwa mmojawapo.

Katika Melbourne hiyo, kitongoji cha Ivanhoe, ndiko Catherine Elise Blanchett alikozaliwa tarehe 14 Mei 1969. Baba yake, Robert, alikuwa Mmarekani wa Texas, mwanamaji, na alimkuta mama yake Cate, June, kwa sababu meli yake iliharibikia Melbourne. Watu wa mji wa bandari hawatashangaa. Familia nyingi za Kalemie, Uvira na Kigoma zimeanza kwa chombo kilichokwama. Robert alibaki, akafanya kazi ya matangazo ya biashara. Cate alipokuwa na miaka 10 baba akafa ghafla kwa ugonjwa wa moyo. June aliwalea watoto watatu akisaidiwa na bibi yao.

Chuo Kikuu cha Melbourne Cate alikwenda kusoma uchumi na sanaa, akaacha ili asafiri. Alipokuwa Cairo, mtu mmoja alimwuliza kama angependa kuonekana katika filamu. Alihitaji pesa, akakubali. Ilikuwa Kaboria, filamu ya ndondi ya mwaka 1990 yenye nyota mkubwa wa Misri, Ahmed Zaki, na Cate alikuwa mmoja katika umati, msichana wa Kimarekani wa kushangilia. Wasifu nyingi hulipitia jambo hili kama kichekesho. Mimi naliona kuwa la maana: miongoni mwa kamera za kwanza kumwona mwanamke huyu ni kamera ya Kiafrika, katika filamu iliyotengenezwa na Waafrika kwa ajili ya watazamaji wao.

Alirudi Australia akaingia NIDA, taasisi ya taifa ya sanaa za maigizo mjini Sydney, akahitimu mwaka 1992. Hapo pana tukio ambalo vijana wetu wanaorekodi michezo kwa simu wangefaa kulisikia. Walikuwa wakifanya mazoezi ya Electra, tamthilia ya kale ya Kigiriki ya Sophocles. Cate alikuwa amepewa nafasi ya mama, Klitemnestra. Wiki chache ndani ya mazoezi, mwigizaji wa Electra alijitoa, na mwongozaji Lindy Davies akamhamisha Cate kutoka kwa mama kwenda kwa binti anayemchukia mama huyo. Ilimbidi augeuze moyo wote wa tamthilia ndani ya kifua chake kwa muda mfupi. Waliouona mchezo ule waliuzungumzia kwa miaka. Kipaji kilikuwapo, bila shaka, lakini kilikuta mwili na sauti vilivyokwisha kufunzwa kila siku kwa miaka mitatu. Pasipo hayo, nafasi ile ingempita.

Mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1993 wahakiki wa Sydney walimpa tuzo mbili kwa mpigo, ya mwigizaji mpya bora na ya mwigizaji bora wa kike, hii ya pili kwa tamthilia ya Oleanna, alipocheza na Geoffrey Rush. Kabla yake hakuna aliyewahi kuzipata zote mbili mwaka mmoja. Akamcheza Ofelia katika Hamlet. Mwaka 1997 zikaja Paradise Road, alipoigiza muuguzi mfungwa wa Wajapani, na Oscar and Lucinda. Mwaka 1998 mwongozaji Mhindi Shekhar Kapur alimpa taji la Malkia Elizabeth wa Kwanza, na dunia ikamjua.

Halafu mwongozaji Martin Scorsese akamtaka awe Hepburn katika filamu ya The Aviator. Fikiria uzito wake. Hepburn alikuwa amefariki Juni 2003, sauti yake bado masikioni mwa watu, kila Mmarekani akiweza kuiiga mezani. Scorsese alimtazamisha filamu 15 za mwanzo za Hepburn kwenye skrini kubwa, naye akaisoma namna Hepburn anavyotembea, anavyoinua kidevu, anavyokata maneno. Wengi wangeishia hapo, kwenye kuiga. Blanchett alimwonyesha msichana mwenye haraka anayejificha nyuma ya maneno mengi, na pale maneno yanapokwisha tunaona woga. Tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike ilikuwa yake mwaka 2005. Hakuna mtu kabla yake aliyeipata Oscar kwa kumwigiza mwigizaji mwenye Oscar. Nasikitika kidogo kwamba The Aviator inaishia miaka ya 1940, kabla ya Ruiki. Ningependa kumwona akiigiza ile ndoo.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likisemwa. The African Queen ilipoingia kwenye Oscar za mwaka 1952, Bogart alishinda, Hepburn akashindwa. Aliyemshinda ni Vivien Leigh, kwa kumwigiza Blanche DuBois katika A Streetcar Named Desire. Sasa tazama: mwaka 2009, mjini Sydney, chini ya uongozaji wa Liv Ullmann, Blanchett alipanda jukwaani kama Blanche DuBois huyohuyo, na tamthilia ikasafiri hadi Washington na New York ikisifiwa mno. Kwa hiyo mhusika wa mshindi na mshindwa mwenyewe wa usiku ule wa 1952 wote wamepita katika mwili mmoja.

Wakati huo hakuwa mgeni katika ukumbi ule wa Sydney. Mwaka 2008 yeye na mumewe, mwandishi wa tamthilia Andrew Upton, walichukua uongozi wa Sydney Theatre Company. Nyota wa Hollywood alirudi nyumbani kusimamia bajeti, ratiba za mazoezi na paa la ukumbi, na akakaa hapo hadi 2013. Mwaka huohuo Blue Jasmine ilitoka, ikampa Oscar ya mwigizaji bora wa kike.

Mwaka 2016 UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilimteua kuwa balozi mwema. Mwaka uliofuata, kambi za Katanika na nyinginezo pembezoni mwa mji wetu zilikuwa zimefurika watu waliokimbia mapigano ya Watwa na Waluba, na shirika hilohilo lilikuwa hapa. Agosti 2018 alizungumza mbele ya Baraza la Usalama kuhusu Warohingya wa Myanmar, kwa sauti ya chini, sentensi fupi, bila mapambo. Wapo wanaowabeza waigizaji wanaposimama mahali kama pale. Mimi siwabezi. Mtu aliyezoea kubeba maneno ya mwingine bila kuyapunguza ana ujuzi ambao wanadiplomasia wengi hawana, na ningetamani siku moja aubebe ujumbe wa mama wa Katanika.

Kwa filamu ya Tár ya mwaka 2022 alijifunza Kijerumani, piano na kuongoza okestra, akiwa amevuka miaka 50. Na mwaka 2025 alikuwa tena jukwaani, ukumbi wa Barbican, London, katika The Seagull ya Chekhov, akimcheza Arkadina: mwigizaji maarufu anayeogopa kuzeeka mbele ya mwanawe.