Shumileta na Ubishi wa Watazamaji: Nani Kaogopa, Nani Kacheka?

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini filamu moja ya Kiswahili ya kutisha, iliyotengenezwa kwa pesa kidogo, inawagawa watazamaji wake hadi leo. Filamu yenyewe ni Shumileta ya Mussa Banzi, iliyotoka mwaka 2005. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba wanaoicheka na wanaoikimbia hawabishani juu ya ubora wake, kama tunavyodhani hapa chuoni, bali kila upande umeiweka filamu ileile katika utanzu mwingine. Nitaanza na ubishi wenyewe, maana niliushuhudia nyumbani kwetu Kasingirima, na mimi mwenyewe nilikuwa upande mmojawapo.

Ilikuwa mwanzoni mwa Agosti 2024. Msomaji asiyetoka Kigoma huenda hakumbuki kwamba mwaka ule upande wetu wa Ziwa Tanganyika ulifungwa, hakuna kuvua tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Kwa kawaida wavuvi wa dagaa hulala majumbani siku za mbalamwezi tu, kwa sababu dagaa hufuata taa, na mwezi ukiwaka taa haina kazi. Safari hii walikuwa nyumbani giza na mbalamwezi, wamechoka kukaa. Mjomba wangu, ambaye zamani alikuwa na banda la video, akatoa televisheni na deki uani, akapekua kasha lake la CD zilizochoka, akaibuka na Shumileta. Waliokua miaka ile wakapiga makofi kabla hata haijawekwa. Kumbe wengi walikuwa wakiikumbuka.

Kwa asiyeijua: ni kisa cha jini wa kike anayetoka katika ulimwengu wa majini na kuingia katika maisha ya binadamu kwa mlango wa mapenzi, na mapenzi hayo yana damu ndani yake. Kabla ya hapo Banzi alikwisha kutoa Nsyuka, filamu nyingine ya kutisha, ambayo jina lake limetoka katika masimulizi ya Wanyakyusa. Hiki ndicho kipindi kilichofuata Girlfriend ya mwaka 2003, wakati watu wa Dar es Salaam walipogundua kwamba kamera ya video, nyumba ya kuazima na marafiki wanaojua kuigiza vinatosha kutoa filamu na kuiuza madukani Kariakoo bila kupita katika jumba lolote la sinema.

Basi ikaanza, na watu wakagawanyika.

Vijana walicheka. Jini akitokea, wanacheka. Akitoweka, wanacheka zaidi. Mmoja, fundi simu pale mtaani, alikuwa akieleza kwa sauti: "Hapo wamezima kamera, dada kasogea, wamewasha tena." Alikuwa sahihi kabisa. Hila hiyo ina umri sawa na sinema yenyewe. Mfaransa Georges Méliès aliitumia mwaka 1896 kumpoteza mwanamke aliyekaa kitini, na watu wa Paris walishangaa. Sisi hatukushangaa. Nasema "sisi" kwa sababu nilicheka pamoja nao, tena nilicheka kwa nguvu, nikijua kwamba mimi ndiye msomi wa fasihi pale uani.

Kina mama hawakucheka. Shangazi yangu alikaa kama robo saa, kisha akainuka, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Zimeni hilo." Hakuna aliyezima. Akaingia ndani na kufunga mlango, na mama wawili wa jirani wakaaga wakaondoka zao.

Halafu alikuwapo mzee mmoja, mvuvi, ambaye hakucheka wala hakuogopa. Yeye alikuwa na swali. "Filamu zenu zote hizi, hata jini ana sofa. Jini gani ana sofa?" Watu wakaangua kicheko, lakini mzee hakuwa anatania, alikuwa anataka kujua. Kwake yeye jini ana mahali pake: kwenye maji, kwenye mwamba fulani, chini ya mti fulani ambao hupiti saa saba za mchana. Jini wa sebuleni ni jini wa Dar es Salaam, na mambo ya Dar es Salaam hayamhusu.

Mtu angeweza kuishia hapo na kusema: vijana wameelimika, kina mama wana imani za kale, mzee ni mzee. Nilipoyaeleza haya kwenye semina yetu, mwenzangu mmoja alisema karibu hivyohivyo. Alisema hao ni watazamaji wasiotofautisha sanaa na maisha, na kwamba fani ikiwa duni kiasi kile maudhui hayawezi kumfikia mtu. Darasa likakubali. Nami nilinyamaza, maana sikuwa na jibu la haraka. Sasa ninalo.

Siku ya pili ya ule usiku nilimkuta shangazi jikoni anachambua maharage. Nikamsalimu, akaitikia kwa ufupi, nikajua bado ana neno. Nikakaa, nikaanza kuchambua naye. Ilipita muda ndipo akasema: "Mwanangu, wewe si unajua dada yako alivyoumwa." Dada huyo ni binti yake. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka. Ndoa yake ilivunjika, watu wakasema ana jini mahaba, akapelekwa huku na huku, kwa waganga na kwa masheikh wa kumsomea. Shangazi akaendelea: "Hao wenu wamemwonyesha jini, wamempamba, wamempaka na wanja. Wa kwetu hakuonekana hata siku moja. Tulimwona yeye tu."

Kwa maoni yangu, huo ni uhakiki. Tena ni uhakiki wa utanzu, na umeingia ndani zaidi kuliko kelele zetu za "wamezima kamera."

Tuutazame. Katika fasihi yetu, simulizi na andishi, jini ana makazi mawili tofauti. Makazi ya kwanza ni ngano. Humo jini ni mhusika kamili: ana jina, ana sura, anasema, ana deni na hisani. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952), Huria ni jini ambaye Adili anamwokoa akiwa katika umbo la nyoka, naye anamlipa kwa kuwageuza nduguze waovu kuwa manyani. Nani aliyewahi kukosa usingizi kwa sababu ya Huria? Hakuna. Paukwa ikishaitikiwa pakawa, msikilizaji amekwisha kukubali kwamba lolote litakalotokea litatokea humo humo ndani ya hadithi.

Makazi ya pili ni ushuhuda, yaani yale masimulizi ambayo hayana paukwa, yanayoanza na "yule binti wa fulani, unamjua?" Humo jini mahaba hana sura wala maneno yake mwenyewe, akisema, husema kwa kinywa cha mgonjwa. Mhusika mkuu ni mgonjwa. Kinachosimuliwa ni mume aliyeondoka, mimba zilizotoka, binti anayeamka usiku, mama anayeuza mbuzi alipe nauli ya kwenda kwa mganga. Jini ni jina la kitu ambacho watu hawakukiona.

Kosa la Shumileta, kama ni kosa, ni kwamba inachukua habari ya ushuhuda na kuivalisha fani ya ngano. Jambo lenyewe (mapenzi, mwanamume, nyumba inayotikisika) ni lilelile linalosimuliwa jikoni kwa sauti ya chini. Lakini aliyepewa jukwaa ni jini, mwenye jina, sura na shauku, na binadamu wanaoumia wamebaki kuwa uwanja wake wa kuchezea. Hivyo basi kijana aliyekuja kutazama ngano anaona ngano iliyoshonwa vibaya, na anacheka kwa haki. Shangazi, ambaye nyumbani kwake jambo hilo lilikuwa ushuhuda, hakuwa anaogopa lile jini la kwenye televisheni hata kidogo. Tulikuwa tunamcheka binti yake, naye alikuwa amekaa palepale anatusikia.

Hapa lazima niseme neno juu ya asili ya jini huyu anayeonekana, kwa sababu hakutoka ziwani kwetu wala pwani peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 filamu za video za Nigeria zilienea sana Tanzania, na mojawapo ilikuwa Karishika, kisa cha mwanamke aliyetumwa na Ibilisi duniani kuwanasa watu. Mtafiti Claudia Böhme, aliyeandika juu ya filamu za kutisha za Tanzania, ameonyesha jinsi Banzi alivyochanganya mambo ya Nigeria, ya Hollywood na ya kwetu. Unyonyaji wa damu, mathalani, ni wa ukoo wa Dracula ya Bram Stoker (1897) kuliko wa ukoo wa jini mahaba wa kawaida. Silaumu kuchanganya. Alfu Lela u Lela nayo ilisafiri. Nasema tu kwamba swali la mzee juu ya sofa lilikuwa swali la asili ya mhusika, na tulilicheka bure.

Kuna na hili la sauti. Katika banda la mjomba filamu nyingi zilikuwa za nje, na filamu za nje katika mabanda ya Tanzania zilikuwa na msimulizi anayezifasiri kwa Kiswahili huku akitia chumvi. Kule Dar es Salaam aliyevuma kwa kazi hiyo ni Lufufu. Msimulizi wa namna hiyo ni kinga. Zimwi la Marekani likinguruma, yeye anatia mzaha, anamwita mhusika jina la mtaani, na wewe mtazamaji unakaa nyuma ya mgongo wake. Shumileta haina msimulizi. Jini anasema Kiswahili moja kwa moja, Kiswahili cha mapenzi, chenye maneno ambayo mume wa mtu angeweza kuyasema. Nadhani ndiyo maana vijana pale uani walijitwika kazi ya Lufufu wenyewe. Yule fundi simu alikuwa msimulizi wetu. Kwa nini tulimhitaji, kama kweli hatukuwa tukiogopa?

Wapo watakaosema tatizo ni pesa. Siamini. The Blair Witch Project ya Daniel Myrick na Eduardo Sánchez ilipigwa zaidi Oktoba 1997, kwa siku nane, katika misitu ya Maryland, waigizaji wenyewe wakishika kamera. Iligharimu makumi ya maelfu ya dola tu kabla ya kununuliwa na wasambazaji, ikatoka mwaka 1999 na kuingiza karibu dola milioni 250. Mchawi hatumwoni tangu mwanzo hadi mwisho. Na watazamaji wa Marekani waligawanyika vilevile: wengine walitoka wakitetemeka, wengine wakisema wameibiwa, wako wapi huyo mchawi waliyemlipia. Mwigizaji wa kike alipewa tuzo ya dhihaka ya Razzie kama mwigizaji mbaya kuliko wote, na wakati huohuo mama yake alikuwa akipokea salamu za rambirambi kutoka kwa watu walioamini binti amekufa kweli. Filamu moja, mwaka mmoja. Waliotuma rambirambi waliichukua kama ushuhuda, na waliotaka kurudishiwa pesa walikuwa wamekuja kusikiliza ngano.

(Nami niliwahi kuibiwa hivyo, ila kinyume chake. Nilipokuwa sekondari nilikichukua Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla kwa sababu ya jina, nikikisoma usiku ili nitishike. Nikakuta Bwana Msa na kiko chake anafafanua kila kitu kwa akili. Ni kitabu kizuri. Lakini usiku ule nilikichukia.)

Hivyo pendekezo langu kwa wenzangu wanaochukua kozi ya uhakiki ni kwamba tusianze kuipima filamu ya namna hii kwa kuuliza kama fani yake ni duni. Tuulize kwanza mtazamaji ameingia kwa mlango gani, na nani ameketi pembeni yake. Uduni wa fani ni kitu cha kweli, siukatai. Ile hila ya kuzima kamera ilionekana hata na watoto. Ila shangazi naye aliiona. Hakuitaja hata mara moja.

Kabla ya kurudi chuoni nilimhadithia ile ya Maryland, jikoni palepale. Sikumwambia ni filamu ya mwaka gani wala iliuza kiasi gani. Nilianza na vijana watatu walioingia msituni, nikaeleza walivyopotea njia, walivyosikia watoto usiku nje ya hema, mmoja alivyotoweka, hadi pale mwisho, katika nyumba tupu, mwenzao anapoonekana amesimama kimya ameukabili ukuta. Mikono ya shangazi ilisimama juu ya ungo.

"Na huyo mchawi hawakumwona?"

"Hawakumwona, shangazi."

"Basi hiyo," akasema, "usije ukaileta hapa."