Hodi, Karibu na Kukataa kwa Staha: Wenyeji na Wahubiri wa Nyumba kwa Nyumba katika Kibaha na Kisarawe

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mwenyeji wa Kibaha au Kisarawe, mkoani Pwani, anavyoweza kumkataa mhubiri aliyefika mlangoni bila kuitwa, pasipo kuvunja staha wala ujirani. Hoja inayojengwa ni kwamba ugumu wa kukataa hautokani na upungufu wa sheria. Unatokana na mgongano wa matumizi ya lugha: kauli ambazo mwenyeji huzitumia kukataa kwa upole, mhubiri huzipokea kuwa ahadi ya kukutana tena. Makala yanaeleza usuli wa mahubiri katika maeneo hayo, misingi ya kisheria, kanuni za hodi, na kauli zinazokataa waziwazi bila kumvunjia mgeni heshima.

1.0 Utangulizi

Mahubiri ya nyumba kwa nyumba ni jambo la kawaida katika miji na vijiji vya Tanzania. Mashahidi wa Yehova hutembea wawili wawili, wainjilisti wa vitabu wa Kanisa la Waadventista Wasabato huuza vitabu milangoni, makanisa ya Kipentekoste huandaa uinjilisti wa mtaa kwa mtaa, na vikundi vya tabligh huwazuru Waislamu wenzao kuwahimiza kuswali. Kwa mhubiri, ziara hiyo ni ibada. Kwa mwenyeji, yaweza kuwa faraja, yaweza pia kuwa usumbufu, hususani anapokuwa na mgonjwa ndani au anapoona imani yake inashambuliwa kibarazani pake.

Methali isemayo mgeni njoo mwenyeji apone inamfanya mgeni kuwa chanzo cha heri. Ndiyo maana kumrudisha mgeni kunaonekana kuwa aibu, hata pale mwenyeji anapokuwa na haki kamili ya kufanya hivyo. Swali la msingi la makala haya ni hili: je, ndani ya Kiswahili na mila ya hodi kuna njia ya kukataa mahubiri bila kumkataa mtu?

2.0 Usuli wa Mahubiri katika Kibaha na Kisarawe

Kisarawe ni miongoni mwa maeneo ya mwanzo ya umisionari wa Kilutheri katika pwani ya Tanganyika. Wamisionari wa Kijerumani walifungua kituo Kisarawe mwaka 1892 na kingine Maneromango mwaka 1895. Baadaye misheni ya Kianglikana ya UMCA iliendesha Chuo cha Mtakatifu Andrea pale Minaki. Hata hivyo, Wazaramo walio wengi waliingia katika Uislamu, uliokuwa ukienea kutoka mwambao kwa njia ya biashara, ndoa na walimu wa Kurani. Matokeo yake ni kwamba katika vijiji vya Kisarawe msikiti na kanisa vimeishi jirani kwa zaidi ya karne moja, na aghalabu ukoo mmoja una watu wa dini zote mbili.

Kibaha ina historia tofauti. Ipo kando ya barabara kuu ya Morogoro na ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Mradi wa nchi za Nordiki wa miaka ya 1960, uliozaa Shirika la Elimu Kibaha pale Tumbi, ulileta watumishi na wanafunzi kutoka mikoa mingi. Kupanuka kwa Dar es Salaam kumeongeza wapangaji na wanunuzi wa viwanja katika maeneo kama Maili Moja. Hivyo, mwenyeji wa Kibaha huenda asimjue kabisa anayebisha hodi, ilhali mwenyeji wa kijiji cha Kisarawe huenda akamtambua kuwa mtoto wa jirani.

Usuli wa kitaifa nao una uzito. Mashahidi wa Yehova walipigwa marufuku katika miaka ya 1960, kisha wakapata usajili mwaka 1987. Miaka ya 1980 ilishuhudia pia kushamiri kwa mihadhara ya hadhara ya Waislamu iliyolinganisha Biblia na Kurani. Mvutano uliofuata ulichangia machafuko ya Mwembechai, Dar es Salaam, Februari 1998, ambapo watu walipoteza maisha. Kumbukumbu hizo hufanya mabishano madogo ya mlangoni yatazamwe kwa hofu.

3.0 Misingi ya Kisheria

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inalinda pande zote mbili. Ibara ya 19 inatoa uhuru wa imani, ukiwamo uhuru wa kubadili dini na wa kuieneza. Ibara ya 16 inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake na maskani yake. Ibara ya 30 inaeleza kwamba haki za mtu mmoja zisitumiwe kwa namna inayoingilia haki za wengine. Kwa mantiki hiyo, mhubiri ana haki ya kubisha hodi na mwenyeji ana haki ya kutofungua.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaongeza mipaka miwili. Kifungu cha 129 kinakataza kutamka maneno kwa nia ya makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mtu mwingine. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikifafanua katika shauri la Dibagula, lililotokea Morogoro, ambapo mhubiri wa Kiislamu alitiwa hatiani kwa kusema kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Mahakama hiyo ilifuta hatia mwaka 2003, ikaeleza kwamba kutamka fundisho la dini yako hakutoshi kuwa kosa pasipo nia ya makusudi ya kuumiza. Kifungu cha 299 kinahusu kuingia kwa jinai, nacho kinamgusa hata aliyeingia kihalali lakini akabaki isivyo halali kwa nia ya kutisha, kutukana au kuudhi. Kwa hiyo hodi yenyewe haina kosa. Tatizo la kisheria linaweza kuanza pale mtu anapong'ang'ania kubaki baada ya kuambiwa aondoke.

Mahakama za nje zimefikia mizani inayofanana. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika shauri la Kokkinakis dhidi ya Ugiriki la mwaka 1993, lililohusu Shahidi wa Yehova aliyehubiri nyumbani kwa mwanamke mmoja kisiwani Krete, ilitofautisha kutoa ushuhuda wa imani na kuwashinikiza watu walio katika dhiki au uhitaji. Nchini Marekani, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua mwaka 1943, katika shauri la Martin dhidi ya mji wa Struthers, kwamba mji hauwezi kuzuia watu wote wasibishe hodi kupeleka vipeperushi. Anayeamua kumpokea au kumrudisha mgeni ni mwenye nyumba. Uamuzi huo unarudisha suala mlangoni, yaani kwenye lugha.

4.0 Kanuni za Hodi

Hodi ni ombi. Jibu lake laweza kuwa karibu, laweza kuwa ngoja kidogo, na laweza kuwa kimya. Katika mila ya pwani, anayebisha mara tatu bila kuitikiwa huondoka, wala halaumu. Kanuni hii ina mizizi katika mafundisho ya Kiislamu: Sura An-Nur, aya ya 27 na 28, inaagiza kuomba idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba ya mwingine, na kurudi pale mtu anapoambiwa arudi. Upande wa Kikristo, Injili ya Mathayo, sura ya 10, inawaelekeza wanafunzi waisalimu nyumba wanayoingia, na wasipopokewa waondoke. Maandiko ya pande zote mbili, kwa hiyo, yanampa mhubiri wajibu wa kuondoka anapokataliwa. Mwenyeji anayekataa hapingi dini ya mgeni wake. Anamkumbusha adabu ambayo dini hiyo tayari inaifundisha.

Mazingira ya nyumba nayo huathiri mazungumzo. Nyumba yenye kibaraza humwezesha mwenyeji kumsalimu mgeni na kumpa heshima yake bila kumwingiza ndani. Nyumba yenye uzio na geti huondoa nafasi hiyo ya kati: mgeni ama ameingia, ama amebaki barabarani. Isitoshe, anayefungua geti mara nyingi ni mtoto au msaidizi wa kazi, ambaye hana mamlaka ya kukaribisha wala ya kufukuza.

5.0 Kauli za Upole na Athari Zake

Penelope Brown na Stephen Levinson (1987), katika nadharia yao ya staha, wanaeleza kwamba kila mtu ana haja ya kukubalika na haja ya kutoingiliwa, na kwamba kukataa ombi hutishia heshima ya anayeomba. Ili kupunguza tishio hilo, mwenyeji huchagua kauli zisizo za moja kwa moja. Tatu kati yake zinastahili kuchambuliwa.

Ya kwanza ni "Karibuni siku nyingine". Katika maamkizi ya kila siku kauli hii ni ya kuagana, na Mswahili haitafsiri kuwa miadi. Hata hivyo, Mashahidi wa Yehova wana utaratibu rasmi wa "ziara ya kurudia", yaani kumrudia aliyeonesha kupendezwa. Kwao, "siku nyingine" inaweza kuwa mlango uliofunguliwa. Mwenyeji anaona ameshakataa, mhubiri anaona amealikwa, na wiki inayofuata kila mmoja anamshangaa mwenzake. Kupokea kijarida kwa kuona haya kuna athari hiyohiyo, kwa kuwa kinazaa swali la "Je, mmekisoma?"

Ya pili ni "Mwenye nyumba hayupo". Kauli hii inaahirisha jambo bila kulimaliza, na inamweleza mtu asiyefahamika kwamba walio ndani ni watoto au wanawake peke yao. Ya tatu ni kutaja dini: "Sisi hapa ni Waislamu" au "Sisi tunasali kwingine". Mwenyeji anakusudia kufunga mazungumzo, lakini kwa mhubiri aliyezoea kulinganisha vitabu vya dini, jibu hilo ndilo mwanzo wa mjadala.

Mzigo wa kauli hizi haubebwi sawa. Mzee anayepokea shikamoo ya kijana mhubiri anaweza kuitikia marahaba na kumwambia aende, naye akatii. Mke kijana anayetembelewa na watu wazima hana nafuu hiyo, kwa sababu umri unawapa wageni haki ya kusikilizwa. Aliye katika hali ngumu zaidi ni mgonjwa wa kitandani au mfiwa, ambaye hawezi kuondoka mahali alipo. Maombi asiyoyaomba, yakifuatana na ahadi ya uponyaji au msaada, ndiyo yanayokaribia shinikizo lililotajwa katika shauri la Kokkinakis.

6.0 Kukataa Mahubiri bila Kumkataa Mtu

Kukataa kunakofaa kuna hatua tatu: kusalimu, kukata, na kuaga. Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya ufafanuzi.

Mhubiri: Hodi wenyewe!
Mama: Karibuni hapo barazani. Habari za asubuhi?
Mhubiri: Njema, mama. Tunapita kwa majirani kuwaletea habari njema.
Mama: Ahsanteni kwa kutukumbuka. Nyumba hii haipokei mahubiri, si leo wala siku nyingine. Kwa ujirani, karibuni. Nawatakia asubuhi njema.

Salamu inatimiza haja ya mgeni ya kukubalika. Maneno "nyumba hii" yanaufanya uamuzi kuwa wa kaya nzima, hivyo anayesema halaumiwi peke yake. Maneno "si leo wala siku nyingine" yanaondoa utata wa miadi. Dini ya mwenyeji haitajwi, wala sababu haitolewi, kwa kuwa kila sababu huweza kujibiwa. Neno "ujirani" linalinda uhusiano ambao kesho utahitajika kisimani, dukani na msibani.

Kwa watoto na wasaidizi wa kazi, ni wajibu wa wakubwa kuwapa kauli mapema, kwa mfano: "Nimeagizwa nisipokee wageni wa dini; nendeni salama." Kauli hiyo inamwondolea mdogo kosa la kumjibu mkubwa, maana inabeba agizo la mkubwa mwingine.

Mwenyeji hawajibiki kutoa jina wala namba ya simu. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2018, katika shauri lililotoka Finland, kwamba taarifa zinazoandikwa na Mashahidi wa Yehova wanapohubiri nyumba kwa nyumba zinaweza kuguswa na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayohesabu taarifa za imani ya dini miongoni mwa taarifa nyeti. Mwenyeji anaweza, kinyume chake, kuomba kwamba wahubiri waweke alama nyumba yake isitembelewe. Mashahidi wa Yehova wana utaratibu wa kutunza maombi ya aina hiyo.

Ziara zikiendelea baada ya kukataa kwa wazi, hatua inayofuata ni kuzungumza na kiongozi wa kusanyiko, kanisa au msikiti husika, kisha mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji. Polisi huwa njia ya mwisho, hasa pale panapokuwa na vitisho, matusi au kung'ang'ania kubaki.

7.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba sheria ya Tanzania inaruhusu kuhubiri na inaruhusu kutosikiliza, na kwamba maandiko ya Waislamu na Wakristo yanamwelekeza mgeni asiyepokewa aondoke. Kinachokosekana mara nyingi ni kauli ambayo pande zote mbili zitaifahamu kwa maana moja. Tafiti za staha katika Kiswahili hazina budi kuzitazama kauli za wakati kama "siku nyingine" na "baadaye" kwa namna zinavyopokewa na msikilizaji mwenye utaratibu wa kurudi, na kuchunguza nani katika kaya hutumwa mlangoni kuzisema. Taasisi za dini, kwa upande wao, zinaweza kuwafundisha wahubiri wao kwamba katika Kibaha na Kisarawe "karibuni siku nyingine" mara nyingi maana yake ni kwaheri.