Kabla Hujajifunga Kitenge, Tazama Pindo

Bumu likiingia, wengi wetu tunakimbilia vitambaa. Tunachagua rangi, tunabishana bei, kisha tunamwachia fundi na kumwambia, "Nishonee sketi ya kujifunga, ya kawaida tu." Kuhusu ukingo hatusemi neno. Ikishafuliwa mara tatu, nyuzi zinaning'inia, nasi tunamlaumu muuza kitenge. Jamani, mara nyingi kitambaa hakina kosa. Kosa liko pale mkasi ulipopita.

Twende taratibu. Kitambaa cha kufumwa kina nyuzi za aina mbili: mtande, unaokwenda kwa urefu wa jora, na mshindio, unaokatiza kwa upana. Pande mbili ndefu za jora hukazwa huko huko kiwandani, kwa hiyo hazifumuki. Ila ukikata popote katikati, nyuzi za pale hazina tena kinachozishika. Kila ukitembea, ukifua na ukikamua, moja inachomoka, kesho nyingine.

Wazee waliojua nguo za kujifunga walilimaliza tatizo hili bila cherehani. Chukua kanga. Inauzwa doti, yaani mbili zilizoungana, unazikata mwenyewe. Pande ndefu zina ukingo wa kiwandani, pande fupi ndizo zilizokatwa, na ndizo tunazokunga. Ukijifunga, ukingo wa kiwandani ndio unaokaa chini, miguuni, panaposuguliwa zaidi. Kikoi cha pwani ni hivyo hivyo: chini kuna ukingo uliofumwa, na kwenye ncha nyuzi zinasokotwa na kufungwa kuwa matamvua, ili zisiendelee kufumuka. Hata sketi za wanaume wa Uskoti, zile za mirabamiraba, kwa desturi hazipindwi chini. Fundi wao analaza kitambaa ili ukingo wa kiwandani uwe ndiyo mwisho wa nguo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: kama sketi yako ni ya kujifunga na imenyooka, mwombe fundi atumie ukingo wa kiwandani chini. Hapo kazi inabaki kwenye ncha mbili za pembeni tu.

Kwetu Rangwi, huku milimani Usambara, kanuni hii ina uzito wake. Njia ni za kupanda na kushuka, asubuhi nyasi zina umande, na masika udongo unang'ang'ania kila kitu. Nguo inaanza kuchakaa chini, juu bado ikiwa nzima. Mama mdogo wangu ni fundi cherehani, na mteja akija hamuulizi kwanza anataka mtindo gani. Anamuuliza nguo ni ya kwendea wapi. Ya kanisani inapata pindo jembamba. Ya shambani na sokoni inapata pindo pana, lililopigwa mishono miwili.

Sasa, kama ni lazima kukata, njia ziko kadhaa.

Ya kwanza ni kukunja mara mbili: robo inchi ndani, kisha nusu inchi juu yake, halafu unashona. Ukingo mbichi unafichwa kabisa. Kwa pamba nyepesi kama ya kanga na kitenge, hii ndiyo bora.

Ya pili ni ovaloki. Mashine inakata ukingo na kuuzungushia nyuzi kwa pamoja. Ni ya haraka na ya bei nafuu, lakini ikiachwa peke yake chini ya sketi, uzi mmoja ukikatika mstari mzima unaweza kuachia. Ipigwe ovaloki, kisha ikunjwe.

Ya tatu ni utepe. Sketi ya duara ina ukingo wa mshazari, ambao huvutika na kukataa kukunjwa vizuri. Itundike usiku mzima kwanza ishuke, uisawazishe, ndipo uivalishe utepe uliokatwa mshazari, au uipe pindo jembamba sana.

Kuna na wanaopitisha kiberiti kwenye ukingo. Hiyo ni ya vitambaa vya plastiki tu, kama poliesta, ambavyo huyeyuka na kuganda. Pamba haiyeyuki, inaungua. Jaribu kwanza kwenye kipande: kikinuka kama karatasi na kuacha majivu, zima na urudi kwa fundi.

Na usisahau kukifua kitambaa kabla hakijakatwa. Pamba ikirudi baada ya kushonwa, pindo hujikunyata.

Nimeacha sketi ya shule mwisho kwa makusudi, maana sisi wa ualimu tutaiona kila siku. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne, lakini sare bado ni juu ya mzazi. Huko kwetu mzazi anamwambia fundi aache pindo la inchi tatu au nne. Mtoto akirefuka, pindo linafumuliwa, linashushwa na kushonwa tena. Kitambaa kilichokuwa kimefichwa kina rangi mbichi, cha juu kimepauka, na pale mkunjo ulipokuwa unabaki mstari. Nikiwa mazoezi ya kufundisha nilijifunza kuisoma mistari ile. Mistari miwili maana yake nyumbani wameshusha pindo mara mbili badala ya kununua sketi mpya.

Wenzake darasani wanaisoma pia, na wanacheka. Ndiyo maana mama mdogo, akishusha pindo, anapitisha utepe wa rangi ya sare juu ya mstari. Ni kazi ndogo, uzi kidogo tu, lakini binti anasimama mbele ya ubao bila kuvuta sketi.

Kwa hiyo, mwalimu mtarajiwa, siku utakapomsimamisha mwanafunzi mstarini kwa sababu sketi yake ni fupi, inama kwanza uangalie chini. Kama kuna pindo, mwambie lishushwe. Kama limebaki ukingo mtupu, ujue nyumbani walishafika mwisho wa kitambaa, na fimbo haitakiongeza hata inchi moja.