Uzito wa Ndege Tupu: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kununua Hisa

Mradi wa ndege mpya ya pangaboi ya safari fupi unapotangazwa, wawekezaji wengi huulizia bei na idadi ya viti. Swali la kwanza lingefaa kuwa uzito wake ikiwa tupu: pamoja na viti na wahudumu, lakini bila abiria, mizigo yao wala mafuta.

Ndege ambayo haijaundwa haiwezi kupandishwa kwenye mizani, hivyo hukadiriwa kwa kulinganishwa na zilizopo. ATR 72-600, inayoundwa Toulouse, Ufaransa, huruhusiwa kuruka ikiwa na kilo 23,000. Ikiwa tupu ina takriban kilo 13,500, yaani asilimia 59.

Tuchukue mradi wa viti 70. Kila abiria na mzigo wake tumkadirie kilo 95, jumla 6,650. Mafuta, pamoja na ya akiba, kilo 2,000. Zote ni kilo 8,650. Ndege tupu ikichukua asilimia 60, hizo ndizo asilimia 40 zilizobaki. Basi uzito wa kuruka ni kilo 21,625, na wa ndege tupu kilo 12,975.

Kiwanda kikizidisha uzito huo kwa asilimia 5, ni kilo 649 zaidi. Kikomo cha kuruka hakisogei na mafuta hayapunguzwi, hivyo abiria saba wataachwa. Asilimia 5 ya uzito imekula asilimia 10 ya nauli za ndege iliyojaa.

Mradi unaoahidi chini ya asilimia 55 bila kueleza njia, wawekezaji wautazame kwa tahadhari.