Motokaa ya Roketi

Muhula uliopita, jioni moja baada ya chakula, tulikuwa tumekaa nje ya bweni letu tukibishana juu ya motokaa ziendazo mbio kupita zote duniani. Mimi nilisema kwa sauti kubwa kwamba roketi huenda mbele kwa sababu moto wake huisukuma hewa iliyo nyuma yake, kama mtu asukumavyo ukuta. Mwenzangu mmoja, mtoto wa pwani, akasema si kweli. Tukawekeana maandazi manne. (Mwalimu wa zamu asinihesabie kosa, yalikuwa maandazi tu.) Asubuhi tulimwendea Mwalimu wetu wa Fizikia. Hakusema nani ameshinda, bali aliniuliza swali moja: “Huko juu kusiko na hewa, roketi husukuma nini?” Nikanyamaza. Wenzangu wakacheka, na kwa muda wa juma zima nikaitwa Bwana Ukuta. Ndipo Mwalimu aliponiagiza nisome jambo hili barabara, kisha niliandike katika gazeti letu ili na wengine wapate faida.

Aliyenifumbua macho ni yule yule mtoto wa pwani. Alinieleza kwamba mtu akiruka kutoka mtumbwini kwenda ufukoni, mtumbwi hurudi nyuma. Kinachousukuma ni miguu ya yule arukaye, wala si upepo. Roketi ni vivyo hivyo. Hutupa gesi nyingi nyuma kwa kasi kubwa mno, na kadiri inavyoitupa gesi nyuma, ndivyo yenyewe isukumwavyo mbele. Hewa haina kazi hapo. Tena kwa motokaa hewa ni adui mkubwa, maana mwendo ukizidi mara mbili, hewa huizuia mara nne, na nguvu zitakiwazo kuishinda huwa mara nane. Hii ndiyo sababu kuongeza maili chache tu juu ya mwendo mkubwa ni kazi ya miaka.

Mtu wa kwanza kuandikiwa mwendo wa namna hii alikuwa Mfaransa, Gaston de Chasseloup-Laubat, mwaka 1898. Motokaa yake ya umeme ilikwenda kilomita 63 kwa saa. Leo basi la abiria humpita bila kujisumbua. Roketi zilikuja baadaye. Tarehe 23 Mei, 1928, karibu na Berlin, Mjerumani Fritz von Opel alikaa katika motokaa iliyofungwa roketi 24 za baruti nyuma yake, akafikia kilomita 238 kwa saa. Kando ya motokaa walitia mabawa, si ya kuirusha, bali ya kuikandamiza chini isije ikaruka. Baruti ina ubaya wake: ikishawaka huwezi kuizima.

Motokaa niliyoipenda kupita zote ni ile ya Wamarekani iliyoitwa Blue Flame, yaani Mwali wa Buluu. Ni ndefu na nyembamba kama mkuki, na magurudumu yake mawili ya mbele yamebanana chini ya pua hata mtu hudhani ni gurudumu moja. Ndani ya matangi yake mlitiwa vitu viwili. Cha kwanza ni haidrojeni peroksaidi. Msishangae, hii ni jamaa ya ile dawa itoayo povu mganga wa zahanati anaposafisha kidonda, ila ya motokaa ni kali mno, na ya zahanati imetiwa maji mengi. Lile povu ni oksijeni inayotoka. Katika injini, peroksaidi hupitishwa kwenye madini yanayoifanya ivunjike mara moja, ikawa mvuke wa maji na oksijeni, vyote vya moto sana. Kitu cha pili ni gesi ya ardhini iliyopozwa hata ikawa kimiminiko. Gesi hiyo huungua katika ile oksijeni, na moshi wote hutoka nyuma kwa kishindo. Magurudumu hayazungushwi na injini; yanabiringika tu, kama ya toroli.

Dereva alikuwa Gary Gabelich, kijana wa miaka 30. Mahali palikuwa Bonneville, katika jimbo la Utah, palipokuwa ziwa kubwa zamani za kale. Maji yalikauka ikabaki chumvi, tambarare na ngumu. Matairi yalikuwa laini bila meno, maana meno huyaongezea joto, na tairi likipasuka katika mwendo ule, dereva hana la kufanya. Kusimamisha motokaa walitumia miavuli ya kitambaa kwanza, kisha breki mwendo ulipokwisha kupungua.

Sasa, sharti ni hili: hupimwi kwa kwenda tu. Lazima urudi njia ile ile kabla ya saa moja kwisha, kisha hesabu zote mbili zigawanywe kwa mbili, ili upepo au mteremko usimsaidie mtu. Kwa hiyo katika saa ile moja mafundi hujaza matangi, hufunga miavuli mipya, hukagua matairi. Kisha dereva hukaa tena pale pale alipookoka sasa hivi. Mimi naona safari ya pili yataka moyo kuliko ya kwanza.

Tarehe 23 Oktoba, 1970, Gabelich alifaulu. Katika maili iliyopimwa alipata maili 622.407 kwa saa, na katika kilomita alipata kilomita 1,014.5 kwa saa. Nimepiga hesabu: uwanja wa mpira wenye mita 100 angeumaliza kwa theluthi moja ya nukta na ziada kidogo. Mlinda mlango hawezi hata kugeuza shingo.

Rekodi yake ya maili ilivunjwa mwaka 1983 na Mwingereza Richard Noble, lakini kwa injini ya jeti. Mwaka 1997 Andy Green, kwa injini mbili za jeti, alifikia kilomita 1,227.985 kwa saa, akawa wa kwanza kuipita sauti akiwa juu ya ardhi. Jeti huvuta oksijeni hewani, lakini roketi hubeba yake tangini, nayo huisha upesi.

Mwaka 2019 Green alikuja kwetu Afrika, katika bonde kavu la Hakskeen Pan, Afrika Kusini, na motokaa iitwayo Bloodhound. Kwa jeti peke yake ilifikia kilomita 1,010 kwa saa. Roketi yake ilikuwa haijafungwa bado. Kabla ya hapo wenyeji zaidi ya 300 waliokota mawe kwa mikono yao katika njia nzima, kwani jiwe dogo laweza kumwua dereva. Majina yao sikuyaona mahali popote niliposoma.

Maandazi manne nimekwisha kuyalipa. Mwenzangu alinipa moja.