Esanse na Cheche ya Umeme: Moto Usiohitaji Kibiriti

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Wasikilizaji wetu, wababa, wamama na vijana wenzangu, ninyi mlioko kituo cha Nyarushishi hapa Rusizi, na ninyi mlioko Kiziba, Kigeme, Nyabiheke na Mahama, leo tunazungumzia namna esanse inavyoweza kuwaka kwa sababu ya umeme, hata pale ambapo hakuna aliyewasha kibiriti wala kuvuta sigara.

Kwanza tuelewane juu ya majina, maana kuyachanganya kunaweza kuunguza nyumba. Mafuta ambayo sisi tuliotoka Kongo tunayaita esanse, Wanyarwanda huyaita lisansi, na Watanzania huyaita petroli. Lakini kwetu, na hapa Rwanda pia, mtu akisema petroli mara nyingi anamaanisha mafuta ya taa. Mama, ukimtuma mtoto akuletee petroli, halafu muuzaji akamjazia esanse, taa hiyo inaweza kukulipukia mkononi. Kwa hiyo mwambie mtoto aseme wazi: "mafuta ya taa." Na chupa ya esanse isikae karibu na chupa ya mafuta ya taa, wala ile ya mafuta ya kupikia.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Sasa, kwa nini esanse ni hatari kuliko mafuta mengine? Kinachowaka si yale maji unayoyaona ndani ya bidoni. Kinachowaka ni mvuke wake. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yafikie joto la nyuzi 38 hivi. Mazutu yanahitaji joto zaidi ya hapo. Lakini esanse hutoa mvuke huo wakati wote, hata penye baridi kuliko usiku wowote wa milima yetu.

Mvuke huo hauonekani kwa macho. Tena ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu kama moshi. Hutambaa sakafuni, hupita chini ya mlango, hutafuta mahali palipo chini. Katika kambi, ambako ukuta wako ndio ukuta wa jirani, mvuke unaweza kutoka kwako ukakutana na moto wa mbabula kwake.

Na cheche je? Kila unapobonyeza swichi, vipande viwili vya chuma ndani yake hugusana au huachana, na hapo cheche ndogo inaweza kuruka. Ni vilevile unapochomeka chaja kwenye prizi au unapoichomoa, unapogusanisha nyaya zilizosokotwa kwa mkono, au unapofunga na kufungua vibanio vya betri ya gari. Mara nyingi hutaiona cheche hiyo. Kwa mvuke wa esanse, inatosha.

Mnakumbuka habari ya Morogoro, Tanzania. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu, watu wakakimbilia kuchota. Mashuhuda walieleza kwamba kuna mtu aliyekuwa akijaribu kung'oa betri ya lori, ndipo moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa.

Na karibu zaidi na sisi, ng'ambo ya mto, kwenye barabara ya Uvira na Bukavu, kuna Sange. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka hapo jioni. Watu walikuja na mabeseni na mabidoni. Moto ulipowaka, zaidi ya watu 230 walikufa. Wengine hawakuwa wamechota hata tone. Walikuwa wamekaa kwenye kibanda wakitazama mechi ya Kombe la Dunia. Moto wa esanse haubagui aliyeigusa na asiyeigusa.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Sasa tufanyeje? Shikeni haya.

La kwanza: esanse isilale ndani ya nyumba. Iwe nje, kivulini, ndani ya bidoni yenye kifuniko kinachobana, mbali na watoto, na mbali na mahali pa kuchajia simu.

La pili, kwa ndugu zetu wenye jenereta za kuchajia simu au kunyolea: zima kwanza, subiri angalau dakika 15 ipoe, ndipo umimine. Bomba lake la moshi hubaki na joto kali hata baada ya injini kunyamaza. Mteja anayelalamika kwamba simu yake haijajaa, atasubiri.

La tatu: bidoni inayojazwa iwekwe chini kwenye udongo, isiachwe juu ya pikipiki. Mafuta yanapotiririka hujikusanyia umeme, ule unaokushtua unapovua sweta ya nailoni, na udongo husaidia kuuondoa.

La nne: usiku usimulike kwa mshumaa. Washa tochi ukiwa bado mbali, usiizime mpaka umalize na uondoke. Wengi huuliza kuhusu simu. Simu peke yake si hatari kubwa kama swichi na prizi, lakini iache mfukoni mpaka umalize kumimina.

La tano: ukiingia nyumbani ukasikia harufu ya esanse, usiguse swichi. Usiwashe taa, na kama inawaka usiizime. Usichomoe chaja. Watoe watu, acha milango na madirisha wazi, waambie majirani wazime mbabula zao.

Na moto ukishawaka, usimwage maji. Esanse huelea juu ya maji na kusambaa pamoja nayo. Tumia mchanga au udongo mkavu kama moto ni mdogo. Ukiwa mkubwa, kimbieni, mwite kiongozi wa mtaa wenu, mpige simu namba 112. Nguo zikishika moto, usikimbie: lala chini ujiviringishe. Aliyeungua, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpelekeni kituo cha afya. Msimpake dawa ya meno, mafuta wala majivu.

Ndugu msikilizaji, wengi wetu tumeshapoteza nyumba mara moja. Leo kabla hujalala, tazama bidoni yako iko wapi na prizi iko wapi. Kama viko chumba kimoja, vitenganishe usiku huu huu, kisha umwambie na jirani.

 

(Muziki wa kufunga.)