Saratani ya tezi dume: Kwa nini dawa iliyosaidia huacha kufanya kazi?

Leo tuzungumzie jambo linalozivunja moyo familia nyingi. Mzee amegundulika na saratani ya tezi dume iliyokwisha kufika kwenye mifupa. Akaanzishiwa dripu za dawa za saratani, maumivu yakapungua, akaweza tena kwenda msikitini kwa miguu yake. Baada ya miezi kadhaa maumivu yanarudi. Hapo maneno huanza: dawa ni feki, au mzee karogwa. Mara nyingi sababu ni usugu.

Usugu tumeuzoea katika malaria. Tanzania iliacha kutumia klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 kwa kuwa vimelea vilikuwa sugu. Katika saratani, kinachokuwa sugu ni seli za mwili wa mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo usugu huu hauambukizi, wala si adhabu.

USUGU HUTOKEAJE?

Saratani hii hustawi kwa homoni ya kiume, hivyo tiba huanza kwa kuizuia homoni hiyo. Kwa baadhi ya wagonjwa huongezwa dositakseli, dawa ambayo utafiti wa mwaka 2004 ulithibitisha kuwa huongeza muda wa kuishi. Seli inapotaka kugawanyika hutengeneza nyuzi ndogo za kuvuta kila nusu upande wake. Dositakseli huzikakamaza nyuzi hizo, seli ikakwama na kufa.

Lakini seli za uvimbe mmoja hazifanani. Baadhi zina pampu zinazoitoa dawa nje kabla haijafanya kazi. Nyingine hubadili nyuzi zake, dawa isishike. Nyingine hujeruhiwa lakini hazifi. Ni kama palizi: ukiondoa magugu laini ukaacha ndago, baada ya muda shamba zima litakuwa ndago.

UFANYE NINI?

Kwanza, usiache kliniki. Kipimo cha damu cha PSA husaidia, ila baadhi ya seli kali huacha kutoa PSA. Maumivu mapya yaelezwe hata kama kipimo kiko chini.

Pili, usugu wa dawa moja si mwisho wa tiba. Kabazitakseli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010, haitolewi nje na pampu hizo kwa urahisi. Iko pia mionzi ya kutuliza maumivu ya mfupa, na morfini. Kabla ya kuuza shamba, muulize daktari: dawa hii itamwongezea mgonjwa nini, na kwa madhara gani?

Tatu, miguu ikifa ganzi au kulegea, au mkojo na choo vikigoma au kutoka bila kujizuia, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Huenda uti wa mgongo umebanwa. Vivyo hivyo homa kwa mgonjwa aliye kwenye dripu hizi, maana kinga yake huwa imeshuka.

Nne, akitumia mitishamba, daktari aambiwe. Baadhi hubadili namna ini linavyoichakata dawa.

Mwisho, msimfiche mzee hali yake. Akijua, ataamua mwenyewe kama aendelee na dripu au apewe tiba ya kutuliza tu, na atapata nafasi ya kulipa madeni na kuandika wasia akili ikiwa timamu. Hiyo ni haki yake.